Sura ya Nne: Giza Utakalofanyia Kazi

Kwenye barabara ya Morogoro, ukishaipita Maili Moja ukielekea Mlandizi, kuna kituo ambacho kondakta akikitaja mgeni hugeuza shingo kutazama nje: Picha ya Ndege. Ninaishi karibu na hapo na kazi yangu ni kupiga picha. Vijana wa Kibaha wanaotaka kamera ya kwanza hupitia kwangu kabla hawajapanda gari la Kariakoo, na hupenda waje mapema, hela ikiwa bado nzima.

Mmoja wao alikuja Jumapili asubuhi, binti aliyeuza vitenge miaka miwili hadi akafikisha shilingi milioni moja na laki nane.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

"Shangazi, nimekuja unitajie jina la kamera tu. Hela ninayo, kesho nataka niende. Wameniambia nichukue yenye megapikseli nyingi."

"Jina nitakutajia. Kwanza niambie, utaifanyia kazi wapi, na saa ngapi?"

Hakulitegemea swali hilo. Alikaa kimya kidogo. "Sendofu. Kichen pati. Harusi. Mahafali ya shule. Na kwetu Kisarawe, wakicheza mwali."

"Basi kazi yako nyingi ni ya usiku."

Sura hii ni yale tuliyozungumza siku ile na wiki zilizofuata. Ninaamini kamera huchaguliwa kwa saa yake mbaya kuliko zote. Dukani kila kamera inapiga vizuri, kwa sababu duka lina taa nyeupe kila pembe na muuzaji amesimama tuli akitabasamu. Saa nne za usiku, ukumbini, bibi harusi anaingia akicheza, MC amezima nusu ya taa ili watu washangilie: hapo ndipo kamera hujulikana. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, lijue giza utakalofanyia kazi.

Nianze na kioo, maana neno hili huwachanganya watu. Wapiga picha wa mjini huziita kamera hizi miralesi. Ukimwambia mtu "kamera isiyo na kioo" hudhani unamaanisha haina lenzi, kwa kuwa wengi wetu lenzi nayo tunaiita kioo. Kioo kinachosemwa hapa kiko ndani. Kamera za DSLR, zile nene ambazo bado zimejaa kwenye harusi zetu, zina kioo kilicholala mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga unaingia, unakigonga, unapanda juu hadi jichoni kwako. Ukibonyeza, kioo kinaruka, mwanga unapita hadi kwenye kihisi, kile kibamba kinachoupokea na kuufanya picha. Mlio unaowafanya waumini wageuke kanisani, sehemu yake kubwa ni kioo hicho kikiruka. Mwaka 2008 Panasonic walitoa Lumix G1, wakakiondoa kioo na kuweka skrini ndogo ndani ya kitundu cha kuchungulia. Sony wakaja na mfumo wao mwaka 2010, Fujifilm mwaka 2012, kisha mwaka 2018 Nikon wakaleta mfumo wa Z na Canon mfumo wa R, ambayo wanaijenga hadi leo.

Wauzaji hukwambia faida yake ni wepesi. Wepesi upo, na bega la mtu aliyesimama kwa saa nane kwenye sherehe linaujua. Lakini kwa mwanafunzi wa Kibaha faida kubwa ni nyingine: unaiona picha kabla hujaipiga. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kwamba mbele yake kuna mtu. Kinajua kiasi cha mwanga tu, na hutaka vyote viwe vya kijivu cha katikati. Bibi harusi mwenye shela jeupe akiijaza fremu, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake mweusi unazama. Bwana harusi mweusi, suti nyeusi, pazia la rangi ya zambarau nyuma yake, kamera humwongezea mwanga hadi ngozi inafanana na majivu. Kwa DSLR ukichungulia unaona ukumbi kama ulivyo, na kosa utaliona baada ya kupiga. Kwa kamera isiyo na kioo unaliona kosa likiwa bado ndani ya kitundu, unazungusha gurudumu la kuongeza mwanga kidogo, uso unarudi, ndipo unabonyeza.

Jambo hili nalisema kwa uchungu. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley. Kadi zenye watu wa ngozi mbalimbali zilikuja kusambaa miaka ya 1990. Zipo albamu za wazazi wetu ambamo nguo zinaonekana hadi uzi na sura hazionekani. Anayeanza leo ana chombo cha kulirekebisha hilo kwa kidole gumba, na sitaki anunue kamera asiyoweza kuona nayo nyuso za watu wake.

Sasa turudi ukumbini. Kamera ya kuanzia huuzwa na lenzi yake ndogo ya zumu. Ya Sony ni ya milimita 16 hadi 50, na ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la juu kabisa ni f/5.6. Ya Canon R50 ni ya 18 hadi 45, na mwisho wake ni f/6.3. Namba hiyo ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kwenye bustani mchana hakuna tatizo. Ukumbini, tuseme umeweka ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, kwenye 3200, na kamera inakuomba kasi ya 1/15 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mtu aliyesimama kama nguzo atatoka vizuri, ila hakuna anayesimama kama nguzo kwenye sendofu. Mama wa bibi harusi anapunga kitambaa, mkono unatoka kama moshi. Chukua lenzi isiyo na zumu yenye tundu la f/1.4: inapitisha mwanga mara 16 ya ile ya f/5.6. Ile 1/15 inakuwa karibu 1/250, na mkono unasimama, na kitambaa unakihesabu mikunjo.

Hakuna megapikseli zitakazokufanyia kazi hiyo. Kamera ya milioni nne yenye lenzi ya f/6.3 itashindwa pale ambapo kamera ya zamani yenye lenzi ya f/1.4 inafanya kazi bila jasho. Kwa hiyo nilimwambia binti: igawe hela yako mara mbili kabla hujatoka nyumbani. Fungu moja mwili wa kamera, fungu la pili lenzi moja ya giza. Akanitazama kama niliyemwambia anunue kiatu kimoja. Alikuwa amepanga hela yote iende kwenye mwili, kama wanavyofanya karibu wote.

Lenzi hiyo nayo ina masharti yake. Kwenye f/1.4 mtu akikaa upande kidogo, jicho moja ni kali na sikio limeyeyuka. Maharusi wawili wakisimama mmoja mbele kidogo ya mwenzake, mmoja utampoteza. Funga hadi f/2 au f/2.8 kwa watu wawili, na ukubali kupandisha ISO na chembechembe zake. Picha yenye chembechembe mteja ataichapisha na kuitundika ukutani. Picha iliyotikisika hataitaka. Halafu kuna urefu wa lenzi. Kamera nyingi za kuanzia zina kihisi cha APS-C, chenye upana wa milimita 23 hivi. Kinakizidi cha simu nyingi zaidi ya mara tano kwa eneo, na ndiyo sababu kinastahimili giza, lakini ni kidogo kuliko fremu kamili ya milimita 36 kwa 24. Lenzi ya 50 juu yake inaona finyu kama lenzi ya 75 au 80. Ni nzuri sana kwa uso mmoja. Kwenye sebule ya Kongowe, wajomba kumi na wawili wakitaka picha ya pamoja, utarudi nyuma hadi mgongo uguse friji na bado wawili watabaki nje. Ndiyo maana lenzi ya kwanza ninayoipendekeza ni ya 30 au 35.

Taa za ukumbi zina hila moja ambayo vitabu vya ng'ambo mara nyingi huipita. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei nafuu humeta mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Ukipiga video kwa mpangilio wa Marekani wa fremu 30, picha inapumua, mistari myeusi inapanda na kushuka usoni kwa mgeni rasmi. Kamera nyingi zinazoletwa kutoka nje huja zimewekwa NTSC, mpangilio huo wa Marekani. Ingia kwenye menyu, weka PAL, piga fremu 25, kasi 1/50. Dakika moja tu, na video ya harusi nzima inapona. Na ile shata ya kimya inayosifiwa sana, isiyo na mlio kabisa, chini ya taa kama hizo huweka michirizi kwenye picha. Kanisani kwenye mwanga wa dirisha itumie. Ukumbini izime.

Linalofuata ni mdomo. Hili ndilo kosa ambalo huligundui mpaka mwaka wa tatu. Mdomo ni ile pete ya chuma ambayo lenzi inajifungia. Kila mfumo una wake, na ukiununua umeoa: lenzi zote utakazonunua baadaye zitaufuata. Canon walikuwa na mfumo wa M, na kamera yake ya M50 ya mwaka 2018 bado inazunguka mitumbani kwa bei ya kuvutia. Ni kamera nzuri. Ila Canon waliufunga mfumo huo mwaka 2023, na lenzi zake haziingii kwenye kamera za R hata kwa adapta. Anayeinunua leo aijue kama nyumba ya kupanga.

Upande wa pili, lenzi za zamani za Canon za EF, ambazo kila mpiga picha wa harusi Pwani hii ana mbili tatu, huingia kwenye kamera za R kwa adapta na kulenga zenyewe bila shida. Kama mjomba wako amestaafu na kukuachia 50 ya f/1.8, hiyo ni sababu ya kweli ya kuchagua Canon, kubwa kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa Nikon uwe mwangalifu. Adapta yao ya FTZ huziwezesha kulenga zenyewe lenzi zenye mota ndani, zilizoandikwa AF-S au AF-P. Zile za zamani za AF-D, ambazo zilitegemea mota ya kwenye kamera, zitakaa juu ya adapta na kukuachia uzungushe pete kwa mkono. Nimeona mtu akilia dukani kwa ajili ya herufi hizo.

Mdomo wa E wa Sony umebaki uleule tangu 2010, na makampuni mengine yameutengenezea lenzi nyingi, kwa hiyo soko la mtumba limeshiba. Canon walikuwa wamewafungia wengine mlango kwenye kamera ndogo za R, wakaufungua mwaka 2024 kwa Sigma na Tamron. Fujifilm wana lenzi nzuri na rangi ninazozipenda kupita zote, lakini kwa huku kwetu lenzi yao ikiharibika Ijumaa hutapata ya kuazima Jumamosi. Kuazimana ni sehemu ya kazi hii. Kabla ya kuchagua jina, uliza marafiki zako wa karibu wanatumia nini.

Mchana nao una giza lake. Mahafali ya shule, kuanzia zile za Shirika la Elimu Kibaha lililoanzishwa kwa ushirikiano na nchi za Nordiki miaka ya 1960 hadi shule za binafsi za juzi, hufanyika mchana uwanjani. Tuko nyuzi kama 7 kusini mwa ikweta. Mapema Machi, na tena Oktoba, jua la saa sita husimama karibu kabisa juu ya utosi. Kofia ya mhitimu inamwaga kivuli usoni, macho yanakuwa mashimo mawili. Hapo unahitaji flashi ya kujazia, hata ile ndogo inayochomoza juu ya kamera. Canon R50 na Nikon Z50 zinayo. Sony ZV-E10 na Nikon Z30 hazina, na hazina pia kitundu cha kuchungulia. Hizo mbili zilitengenezwa kwa watu wa video, na kwa kazi hiyo ninazisifu bila kusita: ZV-E10 ina tundu la maikrofoni na la hedifoni, na haina kikomo cha dakika za kurekodi. Lakini jua la Oktoba likipiga kwenye skrini ya nyuma huoni kitu, unapiga kwa kubahatisha mbele ya wazazi mia tatu.

Ukiwa na flashi kubwa ya kuvaa juu, nenda nayo dukani uivalishe, uifyatue. Usikubali maneno. Canon 2000D, DSLR ya kuanzia iliyouzwa sana, iliondolewa kipini cha katikati kwenye reli ya flashi, na flashi nyingi za bei nafuu zinaupata moto wao hapo. Fundi wangu wa zamani alihangaika na flashi ya mteja mmoja mwezi mzima akidhani imekufa.

Kisarawe ni kazi ya namna nyingine. Ukitoka Mlandizi kwa ile barabara ya kwenda Mzenga na Maneromango wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye zipu ya begi. Kamera isiyo na kioo ina udhaifu hapa: ukivua lenzi, kihisi kiko wazi, uso kwa uso na upepo. DSLR angalau ina kioo na shata mbele yake. Na kamera za kuanzia hazikuzibwa dhidi ya vumbi wala mvua. Usibadilishe lenzi barabarani. Zima kamera, ingia ndani ya nyumba au gari lililofungwa, elekeza mdomo chini, fanya haraka. Ni sababu nyingine ya kuanza na lenzi moja: isiyovuliwa haichafuki. Ukirudi nyumbani usiifungie begini na unyevu wake, maana joto la Pwani huotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na ukizichelewa zinakula dawa ya kioo. Kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana na vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, vinatosha kuanzia. Mchele achana nao, una unga.

Betri ndiyo bei halisi ya kuondoa kioo. Skrini inawaka muda wote. Nikon D3500, DSLR ndogo, ilipimwa picha 1,550 kwa chaji moja. Sony a6000 ilipimwa picha 360 ukitumia skrini na 310 ukitumia kitundu. Weka betri tatu kwenye hesabu yako ya kwanza, na upendelee kamera inayochajiwa kwa waya wa USB, kwa sababu pawabenki haikatiki umeme. Mara mbili nimemaliza sherehe za kijijini kwa pawabenki ya kondakta.

Halafu kuna mwali. Binti niliyekuwa namwelekeza ana faida ambayo haiuzwi Kariakoo: ni mwanamke. Kichen pati nyingi, na karibu yote yanayofanyika ndani mwali anapofundwa, mpiga picha wa kiume hakaribishwi. Mwali wa Kizaramo hukaa ndani, na siku ya kutolewa hubebwa mabegani kati ya ngoma na vigelegele. Kutolewa ni nje, mbele ya watu. Yaliyo ndani ni ya kungwi na ya wanawake wake. Kamera ndogo isiyo na mlio inakupa uwezo wa kupiga bila mtu kujua, na kwa hiyo inakuongezea wajibu. Nenda kwa kungwi kabla ya jua kuzama, bila kamera mkononi, uulize kipi ni cha kupiga na kipi si chako. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto wa mtu si ya kutundikwa kwenye ukurasa wako wa biashara bila idhini. Lakini hata isingekuwapo sheria, yule ni mtoto.

Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi uko palepale Kisarawe, na kila mwanafunzi wangu hutaka kuanza nao. Mna ndege wa msitu wa pwani, mna sange wenye mgongo mweusi wanaokimbia juu ya majani makavu, mna komba wadogo wa Rondo, ambao duniani wamebaki katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Ninaupenda msitu huo kuliko ukumbi wowote. Ila chini ya miti ile saa saba mchana ni jioni, na ndege anataka lenzi ndefu ya milimita 300 au 400, yenye tundu kubwa, na hiyo ni bei ya bodaboda. Nenda na lenzi yako ya 30, piga mizizi, piga mapango ya popo, piga mwanga unavyoshuka. Lenzi ya ndege isubiri harusi ishirini.

Tulikwenda Kariakoo pamoja, Jumatano, siku isiyo na fujo. Nilimpa mawazo mawili. Canon R100 mpya, iliyotoka mwaka 2023 Marekani kwa karibu dola 600 pamoja na lenzi yake. Skrini yake haigeuki wala haiguswi, na wengi huidharau kwa hilo, lakini ina kitundu na ina mdomo wenye miaka mingi mbele. Hiyo ingemaliza hela yake yote na kumwacha na lenzi ya f/6.3. Au Sony a6000 ya mtumba, ya mwaka 2014, megapikseli 24, kitundu, flashi ndogo, pamoja na Sigma ya 30 ya f/1.4. Ubaya wake haina tundu la maikrofoni, kwa hiyo si kamera ya video. Akachagua ya pili. Mtumba si aibu katika kazi hii. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix hapo mwaka 1963, alianza utotoni na Box Brownie ya mtumba.

Duka la kwanza walitupa a6000 safi kama iliyotoka kiwandani. Nikaiwasha, menyu yote Kijapani. Nikatafuta ukurasa wa lugha, haupo. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani husoma Kijapani tu. Muuzaji alisema ataibadilisha "kwa programu". Tukamshukuru, tukatoka.

Ya pili ilikuwa na mikwaruzo pembeni na Kiingereza ndani. Nikamwonyesha binti anavyopaswa kufanya kila mara. Funga tundu hadi f/16, piga ukuta mweupe, ikuze picha: madoa meusi yasiyohama ni uchafu kwenye kihisi. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, ichungulie kutoka mbele, utafute utando wa kuvu. Zungusha kila gurudumu, bonyeza kila kitufe, fyatua flashi, chomeka waya wa chaji. Kisha tukamwomba muuzaji atuzimie taa. Alishangaa. Binti akanilenga usoni, gizani, akahesabu mara ngapi kamera inashika jicho na mara ngapi inahangaika. Mara nane katika kumi ilishika. Memori kadi tulinunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu kamera hizi zina tundu moja la kadi, na usiku wa harusi hautakiwi kulala wote kwenye kipande kimoja cha plastiki. Nyumbani tulizijaza zote mbili hadi juu na kuzisoma tena, maana kadi bandia huandikwa 64 na kubeba nane.

Ngoma ya kwanza aliyopiga ilikuwa Kisarawe, mwezi wa saba. Nilikwenda naye, nikakaa kwenye mkeka na wazee wa kike. Balbu moja ilining'inia mlangoni, na wanawake walikuwa na tochi za simu. Alikuwa amekwisha kuongea na kungwi tangu alasiri. Mwali alipotoka, kitenge kimemfunika kichwa, mabega ya shangazi zake yakimrusha juu na chini, binti aliweka f/1.4, ISO 3200, akarudi nyuma hatua tatu, akangoja kitenge kifunguke.

Baadaye kungwi alimwita. Akaichukua kamera kwa mikono miwili, akatazama picha moja moja, taratibu, akiuliza namna ya kukuza sura. Kwenye picha ya mwali akicheka, jasho likimetameta kwenye paji la uso, alikaa nayo muda mrefu. "Hivi ndivyo alivyo," alisema. Kisha akafika kwenye picha moja iliyoonyesha mlango wa chumba ukiwa wazi nyuma ya watu, na ndani kukiwa na kitu ambacho sitakiandika.

"Hii ifute, mwanangu."

"Naifuta, bibi."

Akaifuta huku kungwi anaangalia, akamwonyesha kwamba haipo, akabadilisha betri, akarudi kwenye ngoma.